CRP ya Siku ya Nne: Kupima Ukali wa Nimonia Wodini

Ikiwa mgonjwa wako wa nimonia ana fedha za kupima CRP mara mbili tu, pima siku anayolazwa, kisha subiri mpaka siku ya tatu au ya nne. Usipime kesho yake. Sababu nitazieleza, lakini lishike hilo kwanza, maana ndilo linaloharibika mara nyingi zaidi: kipimo cha kwanza huagizwa kwa pupa, cha pili huagizwa asubuhi inayofuata kwa wasiwasi, na siku ile ambayo jibu lingekuwa na maana, ama mfuko wa ndugu umekwisha ama hakuna anayekumbuka.

Naandika kwa ajili yako unayehudumia watu wazima kwenye wodi ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, uwe daktari, tabibu au muuguzi kiongozi wa zamu. Mada ni viashiria vya mchochota, yaani vile vitu vinavyopanda kwenye damu mwili unapopambana na vijidudu au jeraha. Vipo vingi, na kila mwaka vinaongezeka majarida yanavyozidi kuchapishwa. Wodini kwetu vinavyohitaji akili yako ni vitatu: CRP, prokalsitonini, na zile namba za hesabu kamili ya damu ambazo mgonjwa ameshazilipia lakini wengi wetu tunasoma mstari wa juu tu.

Ukali unausoma kitandani

Kabla hujagusa karatasi ya maabara, simama kando ya kitanda na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Si nusu dakika ukazidisha kwa mbili, na si ile 20 inayoandikwa kwa kila mgonjwa wa wodi nzima. Pumzi 30 au zaidi kwa dakika ni hatari kwa mtu mzima, na hakuna CRP itakayoitengua hatari hiyo. Angalia presha. Muulize mgonjwa yuko wapi na leo ni siku gani. Weka kifaa cha oksijeni kwenye kidole, na kumbuka kuwa kwenye ngozi nyeusi vifaa hivi huelekea kuonyesha namba iliyo juu kidogo kuliko hali halisi. 92 ya mgonjwa anayetumia misuli ya shingo kuvuta hewa isikulaze usingizi.

Hivi ndivyo vinavyounda alama za ukali tunazozitumia. CURB-65, iliyotolewa 2003, inahesabu kuchanganyikiwa, yurea iliyozidi 7 mmol/L, pumzi 30 au zaidi, presha ya juu iliyo chini ya 90 au ya chini iliyo 60 kushuka, na umri wa miaka 65 kuendelea. Kila kimoja alama moja. Alama 3 na kuendelea ni nimonia kali. Wamarekani nao wana vigezo vyao vya 2007, na mwongozo wao wa 2019 ukaviacha viendelee kutumika. Ndani yake utakuta chembe nyeupe chini ya 4,000, chembe sahani chini ya 100,000, joto la mwili chini ya nyuzi 36. CRP haimo. Prokalsitonini haimo. Waliokaa kuandika vigezo hivyo walivijua vipimo hivyo vyote viwili, na hawakuviweka.

Sababu si ngumu. CRP inaeleza mwili umechachamaa kiasi gani. Haielezi kama pafu linaingiza oksijeni, kama figo zinapata damu, kama ubongo umeanza kuchoka. Kijana mwenye nguvu anaweza kuwa na CRP ya 350, akawa anakula ugali na kuuliza lini ataruhusiwa. Bibi wa miaka 80 aliyedhoofika anaweza kuwa na 90, akafa usiku huohuo.

Na hata CURB-65 yenyewe isikufunge macho. Ilitengenezwa kwa wagonjwa wa Uingereza, New Zealand na Uholanzi, ambako nimonia ya kulazwa ni ugonjwa wa wazee. Kwetu wengi ni watu wa miaka 30 na 40, wengine wana VVU, hivyo alama ya umri haiwapati kabisa. Hospitali ya Queen Elizabeth kule Blantyre, Malawi, ilipojaribu toleo lake lisilo na yurea, CRB-65, kwa wagonjwa wake, halikuwatambua vizuri waliokuwa wakielekea kufa. Watafiti wakatengeneza alama nyingine, SWAT-Bp, inayouliza mambo ambayo muuguzi yeyote anayaona akiingia mlangoni: je, ni mwanamume? Misuli imekonda? Anashindwa kutembea? Joto limepanda kupita 38 au limeshuka chini ya 35? Presha imeshuka? Hakuna tone la damu lililochukuliwa. Mgonjwa aliyekonda, ambaye ameletwa amebebwa, ni mgonjwa mahututi hata kama maabara imefungwa.

Sasa, ukishajua mgonjwa wako yuko wapi, ndipo karatasi ya maabara inaanza kukusaidia. Na inasaidia kwa namna mbili: kukutahadharisha pale picha na namba zinapopingana, na kukuambia kama dawa zinafanya kazi. Namna ya pili ndiyo yenye thamani kubwa.

CRP inavyotembea

CRP ilizaliwa na nimonia. Mwaka 1930 William Tillett na Thomas Francis, wakiwa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, waliona kuwa seramu ya wagonjwa wa nimonia ya nimokokasi inafanya mashapo ikichanganywa na kabohaidreti fulani ya bakteria huyo waliyoiita sehemu C. Mgonjwa alipopona, seramu yake iliacha kufanya hivyo. Kwa hiyo jambo walilolikuta wale mabwana halikuwa namba ya siku moja. Lilikuwa kitu kinachokuja na ugonjwa na kuondoka nao, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kukipima kwa miligramu.

Inatengenezwa na ini, baada ya kuamshwa hasa na intaliukini-6. Huanza kupanda saa kama sita baada ya mwili kushtuka, hufika kileleni karibu na saa 48, na nusu yake huondoka kwenye damu kila baada ya saa 19 hivi. Hiyo saa 19 haibadiliki kwa afya wala kwa ugonjwa. Kinachobadilika ni kiasi ini linachomwaga. Ndiyo maana CRP inafaa sana kufuatilia: ikipungua, maana yake ini limepunguza kuitengeneza, na ini hupunguza pale amri inapopungua.

Utaona sasa kwa nini kupima kesho yake ni kupoteza. Mgonjwa aliyeanza kuumwa jana asubuhi na kulazwa jana usiku bado anapanda. CRP yake inaweza kutoka 180 hadi 260 wakati seftriaksoni inafanya kazi yake barabara. Ukiiona hiyo 260 utabadilisha dawa bure, au utampigia simu bingwa usiku, au utawaambia ndugu kuwa hali inazidi kuwa mbaya ilhali mgonjwa amelala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye historia si amelazwa lini, bali alianza kuumwa lini. Siku ya ugonjwa na siku ya wodini ni kalenda mbili tofauti. Wagonjwa wetu wengi wamepita duka la dawa, wamekunywa amoksisilini au azithromaisini kwa siku mbili tatu, ndipo wakaletwa. Huyo anaweza kufika CRP yake ikiwa tayari inashuka, na ukaiona 70 ukadhani nimonia ni nyepesi. Andika kwenye faili: siku ya ngapi ya homa, dawa gani imetumika, saa damu ilipochukuliwa.

Namba zenyewe zisome kwa upana. Chini ya 10 mg/L ni kawaida kwa wengi. Chini ya 20, kwa mtu aliyeumwa zaidi ya siku moja, nimonia ya bakteria haielekei sana, nawe uanze kutafuta jambo jingine. Zaidi ya 100 inaelekea huko kwa nguvu. Katika utafiti uliofanyika Edinburgh na kuchapishwa 2008, wagonjwa waliolazwa na CRP chini ya 100 walikuwa na hatari ndogo ya kufa ndani ya siku 30. Utafiti huohuo ndio ulioonyesha jambo kubwa zaidi: wale ambao CRP yao haikushuka angalau kwa nusu kufikia siku ya nne walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa, ya kuhitaji mashine ya kupumulia, na ya kupata matatizo kama usaha kifuani. Miongozo ya Uingereza inaelekeza vivyo hivyo: pima wakati wa kulaza, rudia baada ya siku tatu au nne kwa asiyeendelea vizuri.

Nusu, siku ya nne. Hicho ndicho kipimo cha kubeba kichwani.

Kabla hujaiamini namba

Hapa nikae kidogo, kwa sababu makosa mengi niliyoyaona hayatokani na elimu ya ugonjwa bali na karatasi.

La kwanza ni kipimio. Maabara nyingine hutoa CRP kwa mg/L, nyingine kwa mg/dL, na tofauti ni mara kumi. CRP ya 18 mg/dL ni 180 mg/L. Mgonjwa anayehamishwa kutoka hospitali binafsi akiwa na jibu la 18, kisha akapimwa kwako na kupata 95, ameshuka kwa karibu nusu. Asiyeangalia kipimio ataandika kuwa amepanda mara tano. Hata kwenye maandiko ya kitaalamu utakutana na mchanganyiko huo, kwani Wahispania na Wamarekani hupenda desilita.

La pili ni kipimo cha kigae, kile cha latekisi kinachochanganywa na seramu kwenye kioo na kuangaliwa kama kinagandana. Vituo vingi bado vinakitumia na kuandika jibu moja tu: chanya. Mgonjwa mwenye 7 na mwenye 300 wote ni chanya. Kwa kazi tunayoizungumza hapa jibu hilo halina faida yoyote, na mgonjwa asilipishwe kwa ajili yake. Kama hakuna mashine, mwombe mtaalamu wa maabara aizimue seramu mara mbili, mara nne, mara nane na kuendelea, kisha akuandikie mzimuo wa mwisho uliogandana. Vingi vya vipimo hivi huanza kuonyesha kwenye 6 mg/L, hivyo mzimuo wa 1:16 unakupa makadirio ya 96 mg/L. Uzimuaji una faida nyingine: CRP ikiwa nyingi mno, kipimo cha kigae kinaweza kuzidiwa na kusoma hasi. Mgonjwa mahututi mwenye CRP hasi ya kigae anahitaji seramu yake izimuliwe kabla hujaanza kufikiri magonjwa ya ajabu.

La tatu ni dari ya mashine. Vifaa vidogo vya kutoboa kidole ni msaada mkubwa, lakini baadhi yake vinaishia 200 mg/L na juu ya hapo vinaandika tu zaidi ya 200. Mgonjwa anaweza kutoka 420 hadi 215, kushuka kuzuri kabisa, na karatasi zote mbili zikaonekana sawa. Jua dari ya mashine ya kwenu ni ipi. Na kipimo cha pili kifanyike kwenye mashine ileile iliyofanya cha kwanza.

ESR iache. Hupanda polepole, hushuka kwa majuma, na upungufu wa damu, ujauzito, umri na VVU vyote huisukuma juu. Siku ya nne haina la kukuambia.

Namba na mgonjwa vinapopingana

Tuseme umempokea mama wa miaka 52. Anahema pumzi 36, oksijeni 84, picha ya kifua ina ukungu pande zote mbili, na CRP ni 12. Wengi wataandika nimonia kali na kuendelea. Simama hapo. Ameumwa kwa wiki, si kwa saa, kwa hiyo huwezi kusema CRP haijapata muda. Fikiria moyo ulioshindwa na maji yaliyojaa mapafuni. Fikiria donge la damu kwenye mshipa wa pafu. Uliza kama anatumia predinisoloni au deksamethasoni, ambazo huibana CRP huku bakteria wakiendelea na shughuli zao. Angalia ini: lililoharibika sana halina uwezo wa kutengeneza CRP ya kutosha hata likiamriwa. Hii ndiyo faida ya kipimo cha kwanza, kukulazimisha uulize upya.

Upande wa pili ni CRP kubwa isiyotokana na nimonia unayoidhani. Kwetu orodha inaanza na malaria. Falsiparamu hupandisha CRP sana, na malaria kali hupandisha prokalsitonini pia, hivyo mgonjwa wa homa, pumzi za haraka na CRP ya 200 afanyiwe kipimo cha malaria kabla hujajenga hoja yoyote juu ya namba hiyo. Akikutwa na vimelea, usimwondolee nimonia moja kwa moja. Vinaweza kukaa pamoja. Ila kiashiria kimepoteza usemi wake kwa siku kadhaa.

Kifua kikuu ni jambo jingine. CRP hupanda humo vizuri tu, kiasi kwamba tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linaikubali CRP iliyozidi 5 mg/L kama njia ya kuchuja watu wanaoishi na VVU ili wapimwe TB. Sasa chukua mgonjwa wa VVU uliyemlaza na CRP ya 140, siku ya nne ni 125, homa haijakoma. Ubadilishe dawa ya bakteria? Kwanza makohozi yaende GeneXpert kama hayajaenda, na mkojo ukapimwe LAM. Kwenye wodi zetu CRP inayokaa palepale ni ujumbe wa TB mara nyingi kuliko ilivyo ujumbe wa usugu wa dawa.

Mgonjwa wa selimundu huwa na chembe nyeupe nyingi hata akiwa mzima, na tatizo lake la kifua huweza kuwa maambukizi, mishipa iliyoziba, au vyote. Aliyefanyiwa upasuaji juzi atakuwa na CRP ya juu kwa sababu ya kisu tu. Mjamzito na mtu mnene sana huanzia juu kidogo.

Siku ya nne imefika

Fanya mambo mawili kwa mpangilio huu. Kwanza mwangalie mgonjwa: joto 37.8 au chini, mapigo 100 au chini, pumzi 24 au chini, presha ya juu 90 au zaidi, oksijeni 90 au zaidi bila mtungi, akili timamu, anakula na kunywa. Kisha soma CRP.

Vyote viwili vikiwa vizuri, mtayarishe kwenda nyumbani. Kuna kazi ya Menéndez na wenzake huko Hispania, ya 2009, iliyoonyesha kuwa wagonjwa waliotulia kwa vigezo vya kitandani baada ya saa 72, na CRP yao ikawa chini ya 30 mg/L, karibu hawakupata matatizo makubwa baadaye. Wao waliandika 3 mg/dL. Hamisha sindano kwenda vidonge. Jumla ya siku tano hutosha kwa wengi waliotulia.

Mgonjwa ametulia lakini CRP haijafika nusu: usikimbilie kubadilisha dawa. Je, kilele chake kilikuwa baada ya kipimo cha kwanza? Kama alilazwa siku ya kwanza ya ugonjwa, huenda alipanda hadi 350 bila wewe kumwona, na hii 160 ya leo ni mteremko mzuri. Endelea, mtazame, rudia baada ya siku mbili kama bado una shaka.

Mgonjwa hajatulia na CRP haijashuka: hapo pana kazi. Rudi kifuani kwanza. Gonga, sikiliza, omba altrasaundi ya kifua au picha nyingine. Majimaji yanayozunguka pafu yakiwa yamegeuka usaha, hakuna antibayotiki itakayoishusha CRP mpaka yatolewe, na kubadilisha seftriaksoni kwenda meropenemu wakati kuna nusu lita ya usaha kifuani ni kupoteza fedha na muda. Baada ya kifua, angalia karatasi ya dawa: dozi zimetolewa kweli? Wodi yenye wagonjwa wawili kitanda kimoja na muuguzi mmoja usiku huweza kuruka dozi mbili bila mtu kujua. Ndipo ufikirie TB, nimosistisi kwa mwenye VVU, vijidudu visivyosikia dawa za kundi la penisilini, sindano ya mshipa iliyooza mkononi, na mwisho usugu.

Na yule ambaye hajatulia lakini CRP imeshuka vizuri? Huyu ndiye anayesahaulika. Maambukizi yanadhibitiwa, ila kitu kingine kinamsumbua: moyo, donge la damu, pafu lililochakaa kwa moshi wa kuni, upungufu wa damu. Hakikisha pia kuwa hakupewa steroidi, kwani kushuka huko kunaweza kuwa kwa bandia.

Hesabu ya damu uliyokwisha kuilipia

Kwenye FBP usiishie jumla ya chembe nyeupe. Gawanya nyutrofili kwa limfosaiti. Mtu akiwa na nyutrofili 8.4 na limfosaiti 0.7, uwiano ni 12, na hiyo ni damu ya mwili uliobanwa. Tafiti za nimonia zimeonyesha kuwa uwiano mkubwa huenda pamoja na ugonjwa mkali, wakati mwingine vizuri kuliko jumla ya chembe nyeupe peke yake. Haina gharama, ni kugawanya tu.

Lakini mipaka ya vitabu vya Ulaya usiilete nzimanzima. Watu wengi wenye asili ya Afrika hawana alama ya Duffy kwenye chembe zao nyekundu, hali inayowakinga dhidi ya malaria ya vivaksi, na huwa na nyutrofili chache zinazozunguka kwenye damu bila kuwa dhaifu. Vipimo vya watu wenye afya vilivyofanyika Afrika Mashariki, Mbeya ikiwemo, vinathibitisha hilo. Kwa hiyo chembe nyeupe 3,800, ambazo kwa vigezo vya Marekani ni alama ya ukali, kwa dereva wa daladala aliyekuwa mzima juzi zinaweza kuwa kiwango chake cha siku zote. VVU nayo hupunguza limfosaiti na kuukuza uwiano. Jibu la zamani kwenye faili, kama lipo, lina thamani kuliko mpaka wowote uliochapishwa.

Chembe sahani zikishuka chini ya 100,000 usizipuuze, ila malaria itolewe njiani kwanza.

Prokalsitonini, kama mnayo

Kipimo hiki kilipata umaarufu baada ya Wafaransa kuandika mwaka 1993 kuwa hupanda sana kwenye maambukizi makali ya bakteria. Huamka haraka kuliko CRP, ndani ya saa tatu hadi sita, na hupungua kwa nusu kwa siku moja hivi. Virusi havikipandishi sana, na huo ndio mvuto wake. Chini ya 0.25 ng/mL bakteria hawaelekei sana. Juu ya 0.5 wanaelekea, kwenye makumi, fikiria sepsisi.

Maoni yangu ni kwamba usimtume ndugu akakitafute mjini. Mwongozo wa Marekani wa 2019 unasema wazi kuwa mtu mzima mwenye nimonia iliyothibitishwa aanzishiwe antibayotiki bila kujali prokalsitonini ya mwanzo. Faida yake inayotetewa zaidi ni kusimamisha dawa mapema: ikishuka chini ya 0.25, au kwa asilimia 80 kutoka kileleni, simamisha. Ila jaribio kubwa la hospitali 14 za Marekani lililochapishwa 2018 halikuona siku za dawa zikipungua pale madaktari walipopewa majibu hayo. Ukishazoea kusimamisha siku ya tano kwa mgonjwa aliyetulia, hakikuongezei mengi. Figo zilizoshindwa hukipandisha, malaria kali vilevile, na maikoplazima inaweza kukiacha chini.

Feritini, D-daima na intaliukini-6 zilivuma wakati wa Korona. Kwa nimonia ya kawaida ziache.

Steroidi

CRP imeingia pia kwenye uamuzi wa nani apewe steroidi. Jaribio la Hispania la 2015 liliwachukua wagonjwa wa nimonia kali wenye CRP iliyozidi 150 mg/L tu, na methilipredinisoloni ikapunguza walioshindwa tiba. Wafaransa mwaka 2023 walitoa haidrokotisoni kwa waliokuwa kwenye uangalizi maalumu. Waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 6.2, dhidi ya 11.9 kwa wasiopewa. Kwenye Korona, jaribio la RECOVERY la Uingereza liliweka CRP ya 75 kuwa mlango wa kupewa tosilizumabu. Kisha Kenya, katika hospitali za umma, jaribio lililochapishwa 2025 likaonyesha kuwa steroidi za dozi ndogo zilipunguza vifo kwa watu wazima waliolazwa na nimonia.

Hilo la Kenya ndilo linalotuhusu zaidi, kwa kuwa wagonjwa wake wanafanana na wetu. Ukiamua kutoa, TB iwe imeangaliwa kwa dhati, sukari ipimwe kila siku, na dawa ya minyoo ya strongiloidi ifikiriwe kwa anayetoka maeneo yenye minyoo hiyo. Na andika kwa herufi kubwa kwenye faili, pembeni ya chati ya CRP, siku steroidi ilipoanza. Tangu saa hiyo kushuka kwa CRP si ushahidi tena. Utarudi kwenye pumzi, joto na oksijeni.

Ndugu na faili

Ndugu wakiona namba wataing'ang'ania. Mwana atakuuliza mbona ya baba imebaki 120 na ya jirani wa kitanda ni 40. Mwambie kwa lugha ya kawaida: "Tunaangalia inashukaje, kaka, si iko ngapi. Ya mzee ilikuwa 290. Anakula?" Swali la mwisho lina maana, jibu lake ni sehemu ya vigezo vya kutulia.

Mgonjwa anayeondoka akiwa mzima hahitaji CRP ya kuagia. Fedha hiyo ibaki kwa picha ya kifua baada ya wiki sita, hasa kama ni mvutaji sigara au amevuka miaka 50, kwani uvimbe wa saratani hupenda kujificha nyuma ya nimonia. Tarehe ya kurudi iandike kwenye kadi yake, na namba ya simu ya ndugu atakayemkumbusha iandike kwenye faili kabla hajavaa viatu.